Jenga Ewuaso Kedong, Lakini Seng'enge Iache Dukani

Aliyesoma tangazo moja la ploti za Ewuaso Kedong amesoma yote. Kuna Mlima Suswa kwa nyuma, pundamilia watatu chini ya mgunga, na ahadi kwamba hatimiliki iko tayari na lami haiko mbali. Lami kweli haiko mbali. Barabara inayoteremka kutoka Ngong kuelekea Suswa imelisogeza bonde hili karibu na jiji, na tangu mwaka 2019 treni ya SGR hutoka kwenye handaki la Ngong na kushika njia ya Suswa. Kwa mtu wa Nairobi aliyechoshwa na foleni za magari na kelele za ghorofa ya juu yake, ekari moja yenye kijumba cha mbao, paa la mabati na veranda inayotazama bonde ni tamaa ya heshima kabisa. Sioni sababu ya kumkejeli Mkenya anayetaka kukaa mahali ambapo swala hula karibu na mlango na mvua husikika ikija kabla haijafika. Ninachopinga ni jambo la kwanza analolifanya akishapata hati: kumwita fundi, kuchimba mashimo ya nguzo na kuzungusha seng'enge. Kwa tendo hilo anaanza kukiua alichokinunua, na majirani zake wakimwiga, kazi itakuwa imekwisha kabla mkopo wa sako haujalipwa.

Ili kuona ni kwa nini, yafaa tuanze na majira yenyewe. Katika nchi za kaskazini ya dunia majira humfuata mtu alipo. Theluji huanguka na kuyeyuka, majani huchipua na kupukutika, naye hajaondoka dirishani. Chini ya milima ya Ngong mambo hayaendi hivyo. Milima huikinga mvua upande wa mashariki na bonde hupata masalio, tena kwa mabaka: upande mmoja wa laga unaloa na upande wa pili vumbi linaendelea kutimka. Masika ya Machi hadi Mei huotesha majani mafupi matamu. Julai huja na baridi na mawingu mazito, leleshwa ikibaki na ukijivu wake huku kila kitu kikianza kukauka. Kufikia Septemba mizunguko ya vumbi hupanda juu kuliko miti. Kisha vuli hugonga mwezi wa Novemba, kumbikumbi hutoka ardhini, na anga hujaa wageni: korongo weupe na mbayuwayu kutoka Ulaya, na kozi wadogo wa Amur waliotoka pande za Siberia na kaskazini mwa China, wakavuka Bahari ya Hindi, wakaja kula kumbikumbi hao hao kabla ya kuendelea kusini. Katika nchi ya namna hii hakuna kiumbe anayeweza kuketi mahali pamoja akangoja mwaka umletee chakula. Nyumbu, pundamilia, pofu na swala huyafuata majani. Simba na fisi huwafuata wao. Na mfugaji Mmaasai, kwa karne nyingi, amefanya hesabu ile ile kwa ng'ombe wake. Kuyafurahia majira hapa maana yake ni kufurahia mwendo. Mwendo ukikatwa, kinachobaki ni hali ya hewa.

Wale pundamilia wa kwenye tangazo, kwa hiyo, hawaishi pale. Walikuwa wanapita. Labda walikuwa wakitoka miteremko ya Suswa, labda wakielekea kwenye maji. Wala hatuna akiba kubwa ya kuwaficha wakizuiwa njia. Hifadhi za taifa zilizo kaskazini ya bonde ni ndogo: Longonot ina kilomita za mraba 52 na Hell's Gate ina takriban 68. Suswa yenyewe, yenye mapango ambamo nyani hulala na popo hujazana, ni hifadhi ya jamii iliyo mikononi mwa wafugaji, nayo hutegemea kwamba ardhi inayoizunguka ipitike. Zaidi ya nusu ya wanyamapori wa Kenya huishi nje ya hifadhi za serikali. Anayenunua ploti kwa sababu ya pundamilia ananunua, bila kuandikiwa kwenye mkataba wa mauzo, sehemu ya ekari elfu nyingi zisizo zake.

Ushahidi wa yatakayotokea hauhitaji kutafutwa mbali, kwa sababu Kitengela iko katika kaunti hii hii ya Kajiado. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 tu na haikuzungushiwa ua upande wa kusini, kwa makusudi. Wakati wa kiangazi wanyama walikaa humo kwa ajili ya maji ya mito. Mvua ikinyesha walitoka na kutawanyika katika nyanda za Athi na Kapiti, ambako majani mafupi yenye madini yaliwafaa majike wanaozaa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa mfumo huo walikaribia 30,000. Kufikia mwaka 2011 walikuwa chini ya 5,000. Hakuna mkutano wowote ulioketi ukaamua wafe. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa katika miaka ya 1980, kila familia ikapata hati yake. Eneo la viwanda vya kuuza nje, EPZ, likaanzishwa Athi River kuanzia mwaka 1990 na kuvuta wafanyakazi waliohitaji pa kulala. Machimbo ya mawe yakafunguliwa. Ploti za futi hamsini kwa mia zikauzwa, na kila mnunuzi, kwa busara yake binafsi, akaweka ua. Wakazi wa Kajiado waliongezeka kutoka 687,312 katika sensa ya 2009 hadi 1,117,840 katika sensa ya 2019. Leo Kitengela ni mji unaojitosheleza, na sina ugomvi na mji. Lakini aliyenunua pale miaka ile ili aamke akitazama nyumbu hakupata mji kwa hiari yake. Aliusaidia kuja, nguzo kwa nguzo.

Msomaji makini ataniuliza kama ni haki kuitwika seng'enge lawama yote. Si haki, na siitwiki. Tafiti za hesabu za angani zinaonyesha kwamba wanyamapori katika nyanda za malisho za Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68 kati ya 1977 na 2016, na watafiti hao hao wanataja ongezeko la watu na mifugo, mabadiliko ya tabianchi, ujangili na sera mbovu. Ukame nao ni muuaji mkubwa: ule ulioanza mwishoni mwa 2020, tulioambiwa ni mbaya kuliko yote kwa miaka 40, uliwaangamiza ndovu 205 na nyumbu 512 kati ya Februari na Oktoba 2022 kwa hesabu ya serikali, na hao ni walioonekana tu. Hata hivyo, tazama namna ukame unavyoua. Mnyama hafi kwa sababu mvua imekosekana alipo. Hilo limezoeleka tangu zamani. Hufa kwa sababu hawezi kufika ilikonyesha. Ua hugeuza ukame wa kawaida kuwa msiba, na hufanya vivyo hivyo kwa ng'ombe. Zaidi ya hapo, waya una ukatili wake. Ndama wa pundamilia hunasa, twiga huvunjika mguu, fisi na mbwa hujifunza kumkimbiza swala mpaka penye ua asipoweza kuruka, na mwindaji haramu hukata vipande vya waya huo huo akatengenezea mitego. Twiga wa Kimasai, ambaye kila tangazo linamtamani, aliwekwa mwaka 2019 katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mwenye ploti hawezi kuzuia ukame wala kupunguza watu wa Kajiado. Seng'enge iko ndani ya uwezo wake.

Kuna nchi iliyoishi na jambo hili muda mrefu kuliko sisi. Norway, yenye watu wasiozidi milioni sita, ina nyumba za mapumziko zaidi ya laki nne milimani na ufukweni. Sheria yao ya mwaka 1957 iliandika desturi ya kale: katika ardhi isiyolimwa kila mtu ana haki ya kupita kwa miguu, hata ikiwa ina mwenyewe, mradi asiharibu. Kijumba husimama wazi mlimani, kondoo wa mtu mwingine wakila karibu na ngazi zake, na hakuna anayejiona ameibiwa. Hiyo ni nusu ya somo. Nusu ya pili ni chungu, na ingekuwa udanganyifu kuificha: vijumba hivyo vilipozidi, pamoja na barabara, mabwawa ya umeme na njia za watalii, kulungu wa mwituni wa milima ile waligawanyika katika makundi madogo madogo yasiyokutana, na mwaka 2021 waliingizwa kwa mara ya kwanza katika orodha ya taifa ya viumbe walio karibu kuwa hatarini. Kwa hiyo sidai kwamba kuondoa ua kunatosha. Vijumba mia vilivyotawanyika bondeni, kila kimoja na taa zake za usiku kucha, mbwa wake na spika yake, vitawafukuza wanyama hata pasipo uzi mmoja wa waya. Nyumba zikikaa pamoja kwenye kona moja ya ardhi na nyingine ikaachwa wazi, hesabu inabadilika.

Pingamizi la kwanza la mwenye ploti ni usalama, na si pingamizi la kudharau. Nyumba inayokaa tupu Jumatatu hadi Ijumaa ni mwaliko kwa mwizi, na fisi si hadithi. Lakini tofautisha kulinda nyumba na kufunga ardhi. Boma la Kimaasai limetatua swali hili tangu zamani: miiba huzunguka watu na mifugo yao ya usiku, na nje ya hapo nchi iko wazi. Seng'enge yenye nyuzi nne kuzunguka ekari mbili haijawahi kumzuia mwizi mwenye koleo. Kinachomzuia ni jirani anayejua gari la nani limeingia. Na kwa habari ya wanyama wakali, dawa mojawapo inayojulikana duniani ilitoka Kajiado hii. Richard Turere, kijana aliyekulia mpakani mwa Hifadhi ya Nairobi upande wa Kitengela, aligundua akiwa mtoto kwamba simba huogopa mwanga unaotembea, akaunganisha balbu, betri ya gari na paneli ya sola kuzunguka zizi la ng'ombe wa baba yake. Mwaka 2013 alialikwa kwenye jukwaa la TED kuieleza. Hakufunga hata ekari moja. Alilinda kilichohitaji kulindwa, saa kilipohitaji.

Pingamizi la pili ni la kisheria, na ndilo linaloendesha biashara ya nguzo kuliko hofu ya fisi. Ardhi isiyo na ua, mnunuzi huambiwa, itanyakuliwa. Ni kweli kwamba sheria ya Kenya humruhusu aliyeikalia ardhi ya mwenzake kwa miaka 12, waziwazi na bila ruhusa, kwenda mahakamani kudai umiliki. Shika neno ruhusa hapo. Anayelisha kwa mkataba hana dai hilo. Karatasi moja iliyotiwa sahihi na familia ya jirani, inayosema wanaweza kulisha hapa wakati fulani kwa malipo fulani au bure, humlinda mwenye hati kuliko waya ambao utaibwa wenyewe. Mpaka wako huwekwa na mpima ardhi kwa bikoni na huhifadhiwa katika ofisi ya ardhi. Seng'enge haiongezi hata inchi moja ya haki. Kukodishana malisho ni desturi ya kila siku Kajiado, kwa hiyo hakuna jipya linaloombwa. Na ng'ombe wa jirani si adui wa mandhari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature, uliofanyika Narok, ulionyesha kwamba mahali palipokuwa mazizi ya wafugaji wa kale, mengine ya karibu miaka 3,000 iliyopita, bado pana udongo wenye rutuba na majani yanayovuta wanyamapori. Yule anayelalamika kwamba kengele za ng'ombe zinamharibia utulivu wa Jumapili hajajua ni nani aliyemtengenezea bustani.

Lililo gumu zaidi ni la tatu: Wamaasai wenyewe ndio waliogawa na kuuza, na wengine wanazungusha waya kuliko wageni, basi kwa nini mnunuzi atwikwe wema ambao muuzaji hakuwa nao? Nakubali nusu yake. Ranchi za vikundi zilizoundwa chini ya sheria ya mwaka 1968 ziligawanywa kwa kura za wanachama, na viongozi wengine walijipimia vipande vizuri. Lakini watu waliokwisha kuhamishwa kwa mikataba ya 1904 na 1911 walikuwa na sababu ya kutoamini ardhi isiyo na jina la mtu. Na anayeuza ekari tano kwa sababu ya karo au baada ya ukame kumaliza zizi hayuko katika hali moja na anayenunua kwa ajili ya wikendi. Zaidi ya hayo, tumeshaona wenyeji wakiiacha ardhi wazi pale wazi ilipokuwa na bei. Mpango wa ukodishaji ulioanza Kitengela mwaka 2000 uliwalipa wenye ardhi dola 4 hivi kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua, wasigawe, wasichimbe mawe na wasiwadhuru wanyama, na malipo yalipangwa yaangukie misimu ya karo. Familia zilijiunga kwa mamia. Udhaifu wake ulikuwa mfuko: ulitegemea wafadhili, na mfadhili ana ratiba yake. Kusini zaidi, kuelekea Magadi, jamii za Olkiramatian na Shompole zilikataa kwa miaka mingi kuzikata nyanda zao za malisho vipande; zinahama na mifugo yao kwa majira kati ya eneo la makazi na eneo lililotengwa la malisho ya kiangazi, na humo humo simba na tembo wanapita. Nani basi anafaa zaidi kulipia uwazi wa Ewuaso Kedong kuliko mtu anayekuja kila mwezi kuutazama? Shilingi elfu kadhaa kwa mwaka kwa kila nyumba, zikilipwa kwa chama cha jirani au hifadhi ya jamii, ni kidogo kuliko bei ya nguzo za saruji.

Wapo pia watakaonishambulia kutoka upande mwingine, wakisema njia ya pekee ya kuliokoa bonde ni kutojenga kabisa. Ningewaunga mkono kama kutojenga kungekuwa mojawapo ya machaguo. Ardhi inauzwa leo, hati moja moja, na asiponunua mpenda ndege atanunua mchimba mawe au kampuni ya kugawa ploti za hamsini kwa mia. Nyumba chache, zilizokaa pamoja, zisizo na ua wa ardhi, ni miongoni mwa matumizi yenye madhara madogo, ilimradi masharti yawe ya wote. Hapo ndipo Kaunti ya Kajiado inapotakiwa kuacha kujificha nyuma ya msemo wa mali binafsi. Katiba hulinda mali katika kifungu cha 40, na hiyo hiyo katika kifungu cha 66 huruhusu serikali kusimamia matumizi ya ardhi kwa maslahi ya umma. Sheria ya mipango ya mwaka 2019 huipa kaunti mamlaka ya kuidhinisha au kukataa ugawaji. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hutambua hifadhi za jamii na za watu binafsi, na huruhusu kuandikisha sharti juu ya ardhi ambalo litamfunga hata mnunuzi atakayefuata. Vyombo vipo. Kinachokosekana ni kaunti kusema wazi, kabla dalali hajaweka bikoni, kwamba ukanda fulani kati ya Suswa na miteremko ya Ngong hautagawanywa chini ya ukubwa fulani, hautazungushiwa waya, na atakayetii atapunguziwa kodi ya ardhi. Anayesema ekari yake moja haiwezi kuleta tofauti anasahau kwamba njia ya mnyama hukatwa na ekari moja tu, ile iliyokaa katikati.

Wewe unayepanga kununua huko Desemba hii, bonde likiwa kijani na bei ikipanda, kabla ya kulipa amana muulize dalali wanyama hupitia wapi mwezi wa Septemba. Akibabaika, mtafute mzee anayechunga hapo na umwulize yeye, kisha uijenge nyumba yako pembeni mwa njia atakayokuonyesha. Waya utakaonunua uwe wa kuzungushia nyumba peke yake.